Mwaka Tuliosomeana Programu

Ofisini kwangu Ilemela vijana wananiita Mama Kibodi, na wanadhani sijui. Najua, tena jina lenyewe silikatai. Mwaka huu tulipoletewa laptopu mpya, zile nyembamba ambazo ukizishika kwa mkono mmoja unaogopa zitakatika, kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Niliigeuza ya kwangu juu chini kutafuta skrubu, nisiione ya maana. Betri imegandishwa kwa gundi, kila kitu kimechomelewa humo humo, na vibonye vimelala sawa na meza kiasi kwamba kidole hakijui kimebonyeza au kimepapasa. Nikauliza, hii ikiharibika inafunguliwa wapi? Kijana mmoja, Baraka, msomi mzuri na mwenye adabu zake, akanijibu, “Mama, siku hizi kompyuta haifunguliwi, inabadilishwa.” Nikamwambia kitu nisichoweza kukifungua si changu, hicho nimeazimwa tu. Wakacheka. Kesho yake nikaja na kibodi yangu ya zamani kutoka nyumbani, nzito kama tofali, nikaichomeka kwenye hiyo laptopu yao, na tangu hapo nikiandika ofisi nzima inajua kuwa ninaandika. Wenye kulalamika wamelalamika wakachoka.

Sikuwa nimejiuliza ukaidi huu niliutoa wapi mpaka tulipofiwa na Bwana Dinesh, bosi wangu wa kwanza, mfanyabiashara Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Mwanza na kuzeekea hapa hapa. Siku ya msiba viatu vilijaa mlangoni kwao, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na mimi nikakaa karibu na dirisha nikakohoa kidogo kama ilivyo kawaida yangu. Sauti ya kiume ikasema kutoka barazani, “Huyo ni Kabula. Bado anakohoa kabla ya kusema jambo.” Nikageuka. Alikuwa Masatu, aliyenifundisha kazi kwa Bwana Dinesh, mvi kichwa kizima, mkono wake juu ya bega la binti yake. Tulikuwa hatujakutana kwa miaka mingi mno. Nikatoka nikampa shikamoo, akaitikia, tukapeana pole, na swali lake la kwanza baada ya pole likawa, “Siku hizi unaandikia kibodi gani?” Nilicheka kwa sauti, msibani, na mama mmoja akanitazama vibaya. Alikuwa na haki ya kunitazama vibaya.

Basi nitaueleza mwaka ule mmoja. Habari za ukoo wangu na shule nilizosoma nitaziruka, hazina tofauti na za wengi. Nilitoka Misungwi na cheti changu cha kompyuta nikiwa nadhani najua mengi, Bwana Dinesh akanichukua nifanye kazi kwenye chumba chake cha juu, katikati ya mji. Chini alikuwa na duka la nyavu, kamba na vipuri vya mashine za boti. Ukipanda ngazi za saruji zilizolika katikati, unafika kwenye chumba chetu: kompyuta mbili, printa moja ya karatasi zenye matundu pembeni, feni ya dari iliyozunguka kwa kujivuta, na dirisha kubwa lililotazama mapaa ya mabati, mawe, na ziwa nyuma yake. Harufu ya nailoni mpya ilipanda kutoka dukani ikachanganyika na tangawizi ya chai. Tuliandika programu kwa ajili ya wenye maghala, wenye mahoteli, wenye vinu vya pamba, yeyote aliyekuwa na mzigo wa kupima na hakuwa na imani na karani wake. Mwandishi mkuu alikuwa Masatu, mtu wa Majita, amenizidi umri kwa kama miaka kumi hivi. Mimi nilikuwa msaidizi wake, ingawa kwa miezi ya kwanza sikujua namsaidia nini.

Watu wakisikia habari za kompyuta za Mwanza miaka ile wanafikiria umeme. Umeme ulikatika, ndiyo, lakini adui yetu mkubwa alikuwa wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka majini kama moshi na kuhamia mjini. Ukiwasha kioo cha kompyuta dirisha likiwa wazi wanafuata mwanga, wanakufa, wanaangukia katikati ya vibonye, na baada ya wiki nusu ya herufi hazibonyezeki. Kwa hiyo Masatu alikuwa na sheria yake: kibodi isiyoweza kung'olewa vibonye kwa mpini wa kijiko haiingii chumbani. Jumamosi asubuhi tulizigeuza juu ya gazeti, tukang'oa kibonye kimoja kimoja, tukafuta kwa kitambaa chenye spiriti, tukarudisha. Nilimuuliza kwa nini asiagize zile laini, za kisasa, zilizokuwa zimeanza kuingia madukani. “Zile zinanong'ona,” alisema. “Mimi nikibonyeza nataka nijibiwe. Kibodi isiyojibu haina adabu.” Nilidhani ni majivuno tu ya fundi. Kila fundi niliyemfahamu aliidharau nyundo ya mwenzake, kwa hiyo sikuona ajabu.

Ukweli niliujua wakati wa masika. Kila siku saa nne Bibi Jamna, mama yake Bwana Dinesh, alitupandishia chai na chapati, na mpagazi aliyeileta alikuwa na mazoea ya kuiweka upande wa kushoto wa Masatu. Masatu akaimwaga. Siku ya pili akaimwaga tena. Siku ya tatu nikakihamisha kikombe mwenyewe nikakiweka mbele yake kabisa, pale kwenye kibodi, naye akakichukua, halafu akanitazama, akajua kuwa nimejua. Akafunga mlango. Akanieleza kuwa hospitali walimwambia ana presha ya macho, wakampa dawa ya matone, wakamwambia pia kilichokwisha kupotea hakirudi. Alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na hilo tundu lilikuwa linapungua. “Usimwambie Dinesh,” alisema. “Mwandishi wa programu kipofu, wewe umewahi kumsikia? Basi na yeye hajamsikia. Nina mke, nina watoto, na kazi ninayoijua ni hii moja. Niache niishikilie mpaka nijue namna ya kuifanya bila macho. Nikishajua, nitamwambia mwenyewe.” Nikamwahidi. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma na mimi, maana akifukuzwa yeye mimi nitafundishwa na nani?

Hapo ndipo nilipoelewa desturi yetu ya kusomeana. Tangu nifike nilikuta utaratibu kwamba asubuhi tunachapa programu yote kwenye karatasi, na mchana, umeme uwepo usiwepo, tunakaa mbali na mashine, mimi nasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, yeye anasikiliza akiwa amefumba macho. Sahani za ugali na sato zilikuwa bado mezani, mifupa imesukumwa pembeni, na mimi nasoma. “Kama uzito ni mdogo kuliko sifuri, rudi mwanzo.” Ananikatiza, “Na ukiwa sifuri kamili?” Naangalia karatasi. “Haijaandikwa.” “Basi mzani mtupu utahesabiwa kuwa ni samaki. Weka alama.” Alikataza mstari mrefu. Mstari usiosomeka kwa pumzi moja, alisema, umeandikwa na mtu aliyechanganyikiwa. Alikataza pia yale majina ya herufi moja moja tuliyofundishwa chuoni. Kila kitu kiitwe jina lake, uzito uitwe uzito, tope liitwe tope. Wavuvi waliokuja kununua nyavu walisikia sauti yangu ikishuka ngazini, na siku moja nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake kama huko juu kuna watu wa maombi. “Wanasali wale,” mwenzake akajibu, “ila sala yao haina amina.”

Nimefanya kazi na watu wengi baada ya hapo, na zana nyingi, na maoni yangu sasa yamekuwa magumu kama yalivyo magoti yangu. Zile edita za siku hizi, yaani programu tunazotumia kuandikia programu, zinanimalizia sentensi kabla sijaianza, kama mgeni anayemmalizia mwenyeji hadithi yake. Zinaweka rangi saba kwenye ukurasa mmoja. Zinaniletea vidirisha vya ushauri nisioomba. Mimi natumia edita yenye weusi mtupu na herufi, na vijana wangu, wanipende wasinipende, nawasomesha kazi zao kwa sauti mbele ya wenzao. Wanaona haya mwanzoni. Baraka alisoma mistari yake juzi, akafika katikati akanyamaza mwenyewe, akasema, “Ngoja Mama, hapa nimedanganya,” akaenda kurekebisha. Sikumwambia nilijifunza wapi.

Lakini si kila alichokiamini Masatu nilikiamini. Bwana Dinesh alikuwa na mpwa wake Dar es Salaam, kijana wa kisasa, ambaye kila akipiga simu alisifia kompyuta mpya za madirisha na mausi: unasogeza, unabofya, kazi imekwisha. Bwana Dinesh alizungumza naye kwenye simu ya dukani kwa sauti ambayo sisi wa juu tuliisikia yote, na akikata simu alipanda kutuuliza, “Hii ya kwetu kwa nini haina mausi?” Masatu alikuwa na jibu lake. “Bosi, kunyoosha kidole ni kazi ya mtoto ambaye hajajua kusema. Sisi tunajua kusema.” Bwana Dinesh alicheka, akashuka. Mimi sikucheka sana. Nilimwambia Masatu kuwa mausi itawasaidia watu ambao hawataki kukariri amri, na wako wengi, na mpaka leo nasema hivyo. Aliponijibu hakuwa na utani. “Kabula, kile kimshale kiko wapi sasa hivi? Niambie bila kukitazama.” Macho yangu yakaenda kwenye kioo. “Umeona? Kibodi iko mahali pake siku zote. Mausi haina mahali.”

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa ya kiwanda kimoja cha samaki, upande wa ziwani. Walitaka programu ya mapokezi: sangara wanafika, wanapimwa, uzito unaandikwa, wanaingia ndani. Masatu aliiandika yote kwa namba na vibonye vichache vya pembeni, na akaipa sauti. Uzito ukikubaliwa, mlio mmoja mwembamba. Ukikataliwa, miwili mizito. Kibodi tukaivisha nailoni ngumu. Siku ya kuijaribu tulisimama pale kwenye sakafu iliyolowa, barafu chini, mabuti ya kuazima yanatupwaya, na karani wa mzani, dada mmoja mwenye sauti kubwa, akaanza kazi akiwa na glavu. Macho yake yalikuwa kwenye mzani na kwa wapakuzi, hasa kwa wapakuzi, maana aliwajua. Mkono wake wa kulia ulikuwa unabonyeza wenyewe. Baada ya muda akapaza sauti, “Jamani, hii kitu wala siitazami!” Msimamizi wa kiwanda akampa Bwana Dinesh mkono. Nilimtazama Masatu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza ile milio, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Alikuwa ametengeneza kitu cha mtu asiyeweza kutazama, na ninaamini mpaka leo kwamba mwenye macho mazima asingekitengeneza vizuri hivyo.

Tatizo lilikuja na sifa. Mji wetu ulikuwa mdogo wakati ule, habari za kiwanda zikaenea, na watu wakaanza kumuulizia Masatu kwa jina. Na katika wiki hizo hizo Bibi Jamna akaanza kuhesabu kwamba Masatu hamsalimii. Niwaeleze pale chini palivyokuwa. Ukiingia dukani kutoka barabarani, kaunta iko kulia, ngazi ziko mbele, na kushoto kwa ngazi, kivulini, palikuwa na benchi. Hapo alikaa Bibi Jamna kila asubuhi na ungo wa choroko mapajani. Hakuna aliyempita bila shikamoo: wapagazi, wavuvi, wateja wenye tai, wote. Naye hakuwahi kumwanza mtu, kwa sababu mkubwa hamwanzi mdogo, anasubiri aamkiwe. Masatu naye alikuwa anamwamkia vizuri tu, miaka yote. Sasa akawa anaingia kutoka juani, anashika nguzo ya ngazi, anapanda, kimya. Bibi wa watu akawa anamsubiri, anamsubiri, na kwa hasira akawa naye ananyamaza kabisa, hata kukohoa hakohoi. Mimi nilikuwa nawahi kufika, sikuwahi kuliona hilo.

Nikalisikia siku moja nikiwa nashuka kufuata karatasi za printa. Bibi na mwanawe wakizungumza wao kwa wao walitumia Kigujarati. Siku hiyo Bibi alitaka tusikie sote, akatumia Kiswahili. “Samaki wamempanda kichwani!” alisema. “Ananipita kama kiroba cha chumvi. Shikamoo siku hizi inauzwa? Si bure?” Bwana Dinesh akasema atazungumza naye. “Usizungumze naye! Mwenye ndevu akifundishwa salamu, huyo hafundishiki tena.” Wapagazi wakaguna kumuunga mkono. Ndipo Bwana Dinesh akaniona ngazini, na kwa vile alikuwa ameaibishwa dukani kwake, akanimalizia hasira mimi. “Kabula, mwambie rafiki yako. Kwenye nyumba hii mama yangu hapitwi. Mpwa wangu anakuja na mashine mpya, anajua kazi. Masatu akimpita mama tena, asipande ngazi, aende nyumbani moja kwa moja.”

Nilipomwambia, Masatu hakujali habari ya mpwa. Aliuliza kitu kimoja. “Bibi alikuwa pale? Siku zote hizo?” Alidhani Bibi amesafiri kwa binti yake. Aliumia, niliona, akajishika uso kwa mikono miwili akakaa hivyo. Yule bibi ndiye aliyemlisha chapati alipofika mjini hajui mtu. Nikamwambia basi, imetosha, tumwambie bosi ukweli, programu ya samaki si imeshaonyesha kuwa unaweza? Akakataa. Dinesh, alisema, atamwona wa kuhurumiwa, atampa mkono wa kwaheri na gunia la mchele. “Afadhali waseme nina kiburi,” alisema. “Kiburi kinapona.”

Tukafanya tulichoweza. Nikamwelekeza: ukiingia, hatua za kawaida mpaka nguzo, shika nguzo, geukia kushoto, benchi liko hapo, amkia. Asubuhi iliyofuata nilisimama ngazini juu, nikamsikia. “Shikamoo Bibi.” Halafu “marahaba” moja fupi, kavu, ya mtu ambaye bado ana lake moyoni. Kesho yake ikawa ndefu kidogo. Ndani ya muda mfupi wakawa wanaulizana habari za goti la Bibi, ambalo lilimsumbua kukiwa na baridi, na za mvua za Majita, na chapati zikaanza kupanda tena zikiwa na samli ya ziada. Bwana Dinesh akaacha kumtaja mpwa wake. Nikaanza kuamini kuwa tumeshinda, tena nikajisifu kimoyomoyo, kwa sababu nilikuwa kijana na nilipenda kujisifu.

Siku yenyewe nilikuwa kaunta, napokea boksi la karatasi. Bibi Jamna alikuwa ameinuka kwenda kumwuliza mwanawe jambo, amesimama karibu yangu kabisa, upande wa pili wa duka. Ungo wake ameuacha benchini. Masatu akaingia kutoka juani. Akaenda mpaka nguzo, akaishika, akageuka kushoto, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima zote.

“Shikamoo Bibi,” akaliambia benchi. “Umeamkaje? Goti linaendeleaje na baridi hii?”

Akasubiri jibu, anatabasamu. Mpagazi mmoja alianza kucheka, akaacha katikati. Bwana Dinesh alimtazama Masatu, akalitazama benchi, akanitazama mimi, na mimi nikatazama boksi. Nilitaka kusema kitu, chochote, lakini Bibi Jamna aliniinulia kidole ninyamaze. Akavua kandambili zake. Akazishika bangili za mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto zisilie, akavuka duka zima pekupeku juu ya saruji, polepole, mbele ya macho yetu, akapita nyuma ya Masatu, akausogeza ungo, akakaa.

“Marahaba, mwanangu,” alisema akiwa benchini. “Goti, nduhu tabu, halina shida. Linakwenda linarudi.”

“Tunamshukuru Mungu,” Masatu akasema, akapanda.

Nikamfuata mbio. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine, hajaiwasha. “Bibi hakuwa benchini,” alisema. Nikamuuliza amejuaje. “Goti lake linalia akikaa. Limelia baada ya mimi kumwamkia.” Alisema hivyo bila kupandisha sauti, halafu akaniomba nimhesabie diski zake zilizoko kwenye droo, maana zile zilizo mali yake zilikuwa na alama ya kukwaruzwa na asingependa kuondoka na za ofisi. Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie karibu na kibodi. Hapo ndipo tuliposikia viatu vya Bwana Dinesh ngazini.

Aliingia akavuta kiti changu akakaa. “Unaona kiasi gani?”

“Kidogo.”

“Kioo hiki unakisoma?”

“Tangu masika sikisomi vizuri. Nasomewa.”

“Na kazi ya samaki?”

“Niliifanya hivyo hivyo.”

Bwana Dinesh alizitazama zile karatasi za matundu mezani. “Kwa nini hukuniambia?”

“Ungenifukuza.”

Nilitegemea akane. Angekana nisingemheshimu kama ninavyomheshimu mpaka leo. “Ndiyo,” alisema. “Ningekufukuza.” Akainuka, akafika mlangoni, akasimama. “Mpwa wangu anakuja na mausi zake. Wewe utafanyaje?”

“Sijui, bosi. Niachie kibodi moja. Na Kabula aendelee kunisomea.”

Alishuka, na mchana ule wote tulisikia chini wakizungumza Kigujarati, yeye na mama yake, sauti ya mama ikiwa juu ya ya mwana. Hatukuelewa neno hata moja. Hatukusomeana siku hiyo.

Kesho yake nilimsubiri Masatu pale barabarani, asije akayapokea peke yake yatakayosemwa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Kwa mara ya kwanza aliniruhusu nimshike mkono. Kabla hatujavuka kizingiti, kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka kivulini, ya bibi ambaye maisha yake yote hajawahi kumwanza aliye mdogo kwake.

“Masatu! Mimi niko benchini.”

Masatu akasimama. Nikamwachia mkono.

“Na mimi niko kaunta,” akasema Bwana Dinesh.

“Juma, niko kwenye kamba,” akasema mpagazi mmoja. Mwingine akasema yuko mlangoni nyuma yetu, tupite tu. Mvuvi aliyekuwa anachagua nyavu, mgeni kabisa, hajui lolote, akaona na yeye aseme alipo. Masatu alibaki katikati ya duka, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, akageukia sauti moja baada ya nyingine, akamwamkia kila mtu kwa umri wake, akaanza na Bibi. Kisha akashika nguzo, akapanda kwenda kazini.